Matanga ya Mtu Hai

Wiki ile Odeta aliporudi kutoka Burundi, jiko la mama yake lilianza kunuka mawese. Haikuwa harufu kali. Ilikuja asubuhi Prisila alipobandika maharage, ikasimama mlangoni kama mgeni anayeona haya kupiga hodi, halafu ikaingia. Odeta alifunua sufuria zote, akanusa chupa ya mafuta ya pamba, akanusa hata kibatari. Hapakuwa na kitu. Tangu apate akili hakuwahi kuyaona mawese katika nyumba ile. Majirani wengine wa Katumba waliyaagiza kutoka Kigoma na kuyala kwa machozi, wakisema yanawarudisha kwao. Prisila akipita karibu na vikaango vyao alijiziba pua kwa pembe ya kitenge.

"Umebeba mawese kwenye begi?" aliuliza Prisila kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu amelala.

"Hapana, Mama."

"Nguo zako je? Hazikumwagikiwa huko?"

"Nimeshazifua zote."

Prisila akakoroga maharage. Mwiko ulipotoka ulikuwa mwekundu mpaka kwenye mpini, unachuruzika. Aliutazama, akauchomeka kwenye majivu, akausugua kwa mkono mtupu mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka.

"Usimwambie baba yako," alisema.

Odeta hakumwambia. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu, nalo lilianzia mbali.

Mwaka 1972, Odeta akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, ndipo ikiza kilipoingia. Ndivyo Warundi wanavyoyaita mauaji yale, yaani janga: watu wa kando ya ziwa waliinuka kutaka kuipindua serikali, wakashindwa, na askari wakaja kulipiza kwa kila waliyemkuta. Habari za nyumbani kwao alizijua kama sala. Mama yake mzazi, Joséline, alipigwa risasi kwenye michikichi. Mdogo wake Joséline, huyu Prisila, wakati huo msichana wa miaka kumi na sita, alimfumba marehemu macho, akambeba Odeta, akamkimbilia shemeji yake Salvatori aliyekuwa ufukweni na mtumbwi. Wakavuka. Serikali ya Tanzania ikawapa pori la Katumba, wakalifyeka, wakapanda mahindi na tumbaku.

Sasa, Warundi wana desturi ya kuanua matanga wanayoiita kuganduka. Mpaka siku hiyo marehemu bado ana nafasi yake nyumbani. Mkewe haolewi, mumewe haoi. Siku ikifika, ndugu na majirani hunywa pombe ya ndizi kwa mirija kutoka chungu kimoja. Mfiwa akishakunywa, nafasi ile imefungwa. Wengi wa Katumba hawakuwa na maiti za kuzika, kwa hiyo walikata shina la mgomba, wakalivika nguo, wakalilia, wakalizika. Salvatori alimzika Joséline hivyo. Mwaka 1975 alikunywa pombe yake, na wiki hiyohiyo padri akamfungisha ndoa na Prisila. Prisila hakujaliwa mtoto. Odeta alikua akimwita Mama, na hakuwahi kujuta.

Mwaka 1993, uchaguzi wa Burundi ulipopita kwa amani, watu walianza kwenda kuchungulia mashamba yao. Odeta, muuguzi msaidizi katika zahanati ya makazi ya wakimbizi, aliomba likizo na kibali cha kutoka. Alitaka kuona tu mahali alipozaliwa. Akapanda treni mpaka Kigoma, kisha boti mpaka Nyanza-Lac, akaulizauliza hadi akafikishwa kwa bibi mmoja aliyeitwa Katarina, jirani yao wa zamani.

Bibi huyo alimpeleka kwenye kaburi. Lilikuwa na msalaba wa mti ambao mchwa hawajaumaliza.

"Mama yako huyu. Tumemzika sisi majirani. Huu mwaka wa nne."

"Ishirini na moja, Bibi," Odeta alimsahihisha kwa upole. "Alikufa wakati wa ikiza."

"Minne, mwanangu. Nimemwosha kwa mikono hii. Mguu wake wa kushoto haukunyooka hata alipokuwa maiti."

Joséline aliishi miaka kumi na saba baada ya ikiza. Alikamua mawese, akauza sokoni, na kila siku ya soko alishuka ziwani akiburuta mguu ule wa risasi kutazama boti zinazoshuka watu. Kila jioni alipakua sahani nne. "Na matanga yake hatujaanua," Katarina alimalizia. "Tungeanua vipi, bila ndugu? Tukasema atakuja wa damu yake."

Odeta alipiga magoti, akalia mpaka kifua kikauma. Halafu, akitaka kumtuliza aliyelala pale, akasema maneno ambayo mtu wa Katumba peke yake ndiye angeyaona ya faraja: "Pumzika, Mama. Sisi tulishakuanulia matanga zamani. Baba alikunywa pombe yako mwaka sabini na tano."

Bibi Katarina alimziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilishatoka.

"Umemwambia nini wewe? Mwaka sabini na tano alikuwa anapalilia mihogo pale!"

Hilo ndilo Odeta alilorudi nalo. Mwiko ulipokwisha kusuguliwa, alimweleza Prisila yote, palepale jikoni. Prisila alisikiliza amechuchumaa, mkono uliochubuka ukiwa kwenye maji.

"Hukumfumba macho," Odeta alisema.

"Nilimpa maji. Akasema mchukue mtoto, mwambie baba yake aje anibebe. Nikakimbia." Prisila alitoa mkono majini, akaupangusa. "Nilipofika ziwani askari walikuwa nyuma yangu. Ningesema yu hai, Salvatori angerudi na wangemuua. Nikasema amekufa. Halafu, ukishasema, mwanangu, unalirudisha vipi?"

Nje, katikati ya mchana mweupe, kitu kilipita uani. Walisikia kanyago moja, halafu mburuto. Kanyago, mburuto. Odeta alitoka mbio. Uwanja ulikuwa umefagiliwa asubuhi, na juu ya mistari ya ufagio kulikuwa na alama za mguu mmoja wa kulia, na kando yake mfereji mwembamba uliozunguka nyumba nzima na kuishia mlangoni. Haukuwa na alama ya kutoka.

Kesho yake alikuja Immaculata, jirani wa ng'ambo ya barabara, beseni la unga kichwani, akilia tangu njiani. Prisila alikuwa kizingitini anapeta mchele. Immaculata alimpita, kitenge chake kikaugusa ungo, akaenda kuketi chini karibu na Odeta.

"Yoo, mwanangu! Poleni sana. Amekwenda saa ngapi?"

"Nani kafa, we Immaculata?" Prisila alicheka. "Asubuhi yote hii umeshakunywa?"

Immaculata hakugeuka.

"Mama huyu hapa, shangazi," Odeta alisema akimwonyesha kwa kidole. "Anakusemesha."

Yule mama alitazama kidole, akatazama mlango mtupu, akamshika Odeta bega. "Msiba unachanganya. Mimi nilipofiwa nilimpakulia marehemu ugali wiki nzima. Na alivyokuwa mlafi yule, unga uliniishia!"

Ungo ulianguka. Mchele ukatawanyika hadi miguuni pa Immaculata, naye akaukusanya taratibu, akinung'unika kwamba kuku wa Katumba hawana adabu.

Salvatori aliporudi kutoka kwenye vitalu vya tumbaku alisimuliwa, akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa mwenyekiti wa kigango cha kanisa, mtu wa suti moja na sauti nzito, asiyependa habari za mizimu. Lakini alipoketi kula, Prisila alimshikia kikombe cha maji mbele ya uso, na yeye akaangaza huku na huku, akaita: "Odeta, leo katika nyumba hii hakuna maji?"

Odeta akamshika Prisila kifundo cha mkono, kama alivyofundishwa zahanati. Mapigo yalikuwa yanakwenda vizuri, yenye nguvu, mapigo ya mwanamke mzima asiye na ugonjwa.

Alimfuata Nyanzala, mganga wa Kikonongo aliyehamia Mpanda kutoka upande wa Inyonga. Salvatori hakutaka aonekane, kwa hiyo waliingilia nyuma, wakakutania ndani ya bani la kukaushia tumbaku. Odeta alisimulia yote mbele ya wazazi wake, kisha Nyanzala akachoma mizizi yake, akaufuata moshi kwa macho. Moshi haukupanda. Ulikwenda kuketi kwenye kona, ukajikunja, mguu mmoja wa moshi ukinyooka vibaya pembeni.

Nyanzala alizima moto kwa unyayo.

"Nyie watu wa Katumba mnazika migomba, halafu mnashangaa ikichipua?" Alijaribu kucheka, hakuweza. "Mzee, kama lingekuwa jini la porini ningelifukuza hadi Ikola, liogelee huko na dagaa. Huyu ana haki yake. Mlimnywea pombe akiwa hai. Na yeye anamfanya huyu mama kuwa maiti akiwa hai. Sauti imeshakwenda, macho ya watu yanafuata."

"Mbona mimi namwona na kumsikia?" Odeta aliuliza.

"Wewe ulimlilia marehemu kwenye kaburi lake. Masikio yako yako wazi."

"Dawa yake nini?"

"Mdomo. Waitwe waliokunywa ile pombe. Isemwe mbele yao kwamba aliyezikwa alikuwa hai, halafu alaliwe matanga yake ya kweli. Huyu mama angesema mwenyewe, ila nani atamsikia? Kabaki mzee. Na afanye kabla matanga ya huyu hayajaanuliwa. Akishanywewa pombe, basi."

Prisila alipiga magoti mbele ya mumewe. Siku ile Salvatori bado alimwona, mara yupo mara hayupo, kama mtu anavyomwona mwingine kupitia moshi. Alikwepesha macho.

"Mimi ndiye nisomaye matangazo kila Jumapili," alisema. "Nisimame niseme ndoa yangu ilikuwa zinaa? Kwamba nilimwacha mke hai, nikamchukua mdogo wake? Wataninyang'anya kigango. Hata salamu watanikatia."

"Sema, ubaki na mke," Nyanzala alimjibu. "Nyamaza, ubaki na cheo."

"Nitaliombea," Salvatori alisema, akatoka.

Alfajiri Odeta aliamshwa na vilio. Chumba cha wazazi wake kilikuwa kimejaa wanawake, na juu ya kitanda kulikuwa na kitu kirefu kilichovikwa gauni la Prisila la Jumapili na kufungwa kitambaa chake cha kichwani, na wanawake wakakipapasa mashavu wakisema tazama alivyo kama aliyelala, na Odeta akasogea, akaona shina la mgomba lililokatwa usiku uleule, utomvu wake ukidondoka kwenye shuka na kuacha madoa ya rangi ya chai, na Prisila mwenyewe amesimama ukutani na shimizi, mikono mdomoni, akisema Immaculata, Immaculata, mimi hapa, nishike, nina joto, nishike tu, na Immaculata akimpita kuleta maji ya kuosha maiti. Odeta alipiga kelele kwamba ule ni mgomba. Wakamtoa nje wakimpepea. Wakabeba jeneza mchana ule, na Prisila akatembea nyuma ya mazishi yake, akiwavuta watu nguo mmoja mmoja, hadi makaburini, na kila aliyevutwa alijikung'uta tu kama aliyenaswa na mwiba.

Salvatori alitupa udongo wa kwanza. Machozi yake yalikuwa ya kweli.

Basi ukaanza mwaka wa matanga. Prisila aliishi ndani ya nyumba yake kama paka wa jirani. Odeta alimpakulia, akamfulia, akamsuka nywele. Na kila walipoketi kula, kanyago na mburuto vilikuja, mkeka ukabonyea mbele yao, mtu akaketi. Hakufanya kitu. Aliwatazama tu wakila. Siku moja kisimani Odeta aliinama kuteka maji, akasikia pumzi nyuma ya shingo yake, na sauti ambayo hakuwahi kuisikia lakini mwili wake uliijua.

"Mimi nilikaa kumi na saba, mwanangu. Yeye nimempa mmoja."

"Mwache, Mama," Odeta alinong'ona bila kugeuka. "Ndiye aliyenilea."

"Najua. Nilipakua sahani yako kila jioni, kumbe unakula kwake."

Odeta alikuwa na njia moja aliyobakiza: kumpeleka Prisila kwenye lile kaburi, akiri pale mbele ya mwenyewe, atakayemsikia hata kama walio hai hawasikii. Waliweka akiba, wakapanga kuondoka mvua zikianza. Lakini mwezi wa Oktoba redio ikatangaza kwamba rais mpya wa Burundi ameuawa, na kabla ya wiki kuisha barabara za Kigoma zilijaa watu wenye magodoro vichwani, wakikimbilia upande ambao Odeta alitaka kutoka. Njia ikafungwa. Akabaki na mdomo wa baba yake.

Alimsihi mwaka mzima. Alimsihi kwa Kirundi na kwa Kiswahili, akiwa na hasira na akiwa amepiga magoti. Salvatori alimpapasa kichwa na kumwambia majonzi hupita.

Siku ya kuganduka ilifika baada ya tumbaku kuuzwa. Uwanja ulijaa. Chungu kikawekwa katikati, povu limeinuka, na Mzee Gervas, mkubwa wa ukoo, akagawa mirija. Salvatori alikaa kwenye kiti chake cha mikono, amevaa suti. Prisila alikuja akaketi chini, kichwa kwenye goti la mumewe. Kanyago na mburuto vilipita katikati ya wageni, vikasimama nyuma ya kile kiti.

"Salvatori," Prisila alisema. "Mume wangu. Sema neno moja tu. Sema nipo."

Mrija ulikuwa umeshafika mdomoni mwake. Ukasita. Odeta aliona shingo ya baba yake ikigeuka, taratibu, kama ya mtu anayetafuta mbu, halafu macho yakashuka, yakatua. Hayakumpita Prisila wala hayakuelea juu yake. Yalimtazama usoni, yakamwona, kope zikatetemeka. Watu walingoja. Paroko alikuwa mstari wa mbele, na wazee wote wa kigango.

Salvatori alimtazama mkewe akiwa hai, akanywa.

Alikunywa bila kutetemeka, kama mtu anayeifahamu njia. Ndipo Odeta alipojua kwamba hata mwaka ule wa sabini na tano baba yake hakudanganywa na mtu. Alijua, au alichagua kutoulizia. Na kwa aliyekuwa akishuka ziwani kila siku ya soko, hayo mawili ni kitu kimoja.

Chini ya goti la Salvatori hapakuwa na mtu tena. Mkeka ulibaki umebonyea, ukainuka unyasi kwa unyasi, ukawa tambarare. Wanawake walipiga vigelegele. Immaculata aliimba.

"Sasa mtoto wa marehemu," Mzee Gervas alisema, "atupe neno la mwisho. Simama, Odeta. Usilie, mama. Leo ni siku ya kufuta machozi."

Odeta hakuwa akilia. Alisimama. Alihisi mkono wa baridi ukijipenyeza ndani ya mkono wake wa kushoto, vidole vigumu vya mkamua mawese, na mguu wake wa kushoto ukalegea kidogo, ukaburuzika alipopiga hatua. Angeweza kuuachia mkono ule. Aliufikiria. Akaushika vizuri zaidi.

"Nawashukuru kwa kuja," alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu mpaka watoto wakanyamaza. "Lakini msiondoke. Leo Mungu ametuongezea jaribu. Baba yangu, Salvatori, amefariki."

Salvatori alicheka. Alijipigapiga paja. "We mtoto! Pombe ya watu hiyo, hata mrija hujaonja!"

Hakuna aliyecheka naye. Immaculata aliukata wimbo wake katikati, akajishika kichwa. "Yoo! Yoo jamani, Mzee Salvatori! Juzi tu alinisalimia!"

"Immaculata, acha ujinga. Gervas! Mzee Gervas, waambie hawa."

Mzee Gervas alivua kofia. Akatazama huku na huku akitafuta mahali pa kupumzisha magoti yake, akaona kiti cha mikono, akakiendea na kukikalia. Na Salvatori, aliyekurupuka kukwepa kukaliwa, akabaki amesimama katikati ya uwanja wake, suti imelowa pombe, akiita majina ya watu wa kigango kizima, wa kwanza hadi wa mwisho, huku wanawake wakianza kutandaza upya mikeka waliyokuwa wakiikunja. Mwishowe akamgeukia binti yake.

"Odeta. Wewe unanisikia. Naona kabisa unanisikia. Waambie."

Odeta aliketi chini kama wafiwa wanavyoketi, akajifunika kitenge. Alimsikia vizuri, kila neno, na angemsikia hivyo mwaka mzima.